Taa Iliyomkataa Bwana Yeremia

Mwezi uliopita mjukuu wangu alikuwa akipiga pasi, akauacha waya ulalie bati la pasi yenyewe, na kabla sijaona moshi nilisikia harufu. Mpira unaoungua polepole una harufu yake, nzito, inayokaa kooni kama dawa. Wenzangu wote walikimbilia swichi ukutani. Mimi nilibaki kitini, nikakumbuka waya mwingine, nikacheka mpaka nikafuta machozi, wakatazamana kama watu wanaojiuliza uzee umenianza vipi. Sikuwaeleza. Nawaeleza ninyi wa rika langu, mliolala katika nyumba zilizoangazwa kwa koroboi, kwa sababu ninyi hamtaniuliza koroboi ni nini.

Tulikaa Changamwe, nyuma ya matangi ya mafuta, katika nyumba ya udongo na makuti aliyoijenga Baba alipotoka Rabai kufuata kazi. Alikuwa fundi katika gereji ya malori, na nguo zake zilinuka grisi hata baada ya kufuliwa na kuanikwa jua zima. Vita vilikuwa vimekwisha. Askari walikuwa wakirudi kwao, na vitu vya kambini vikiuzwa kwa mnada: mablanketi, masufuria ya kulishia kikosi kizima, mabuti ya mguu wa kushoto tupu. Watu wa mtaani walirudi na mablanketi. Baba akarudi na taa.

Haikuwa taa ya mezani. Ilikuwa ile taa ya mkono ambayo fundi huingia nayo chini ya lori: globu ndani ya kizimba cha vyuma, mpini wa mbao wenye swichi, ndoano ya kuitundika, na waya mrefu mweusi ulioishia kwenye vibano viwili vyenye meno, kimoja chekundu na kimoja cheusi. Vibano hivyo viling'ata betri kuukuu ya lori ambayo Baba aliiweka ndani ya sanduku la mbao kando ya ukuta, na kila ilipochoka aliifunga nyuma ya baiskeli, akaipeleka gerejini kuchajiwa. Nilijua kwamba ndani ya betri mna maji. Kwa hiyo nilijua pia, bila kuambiwa na mtu, kwamba nuru yetu ni maji yanayopanda kwenye waya, na kwamba waya ukikunjwa yatakwama, kama yanavyokwama kwenye mpira wa bustani.

Baba alitukusanya akatuonya. "Huyu mwekundu na huyu mweusi," alisema akivishika vibano kila kimoja kwa mkono wake, "wasigusane hata kidogo. Wakigusana, nyumba inaungua."

Siku zile nyumbani hapakuwa na mazungumzo ila ya kuozwa kwa shangazi yangu, nani akae na nani, nani asionekane na nani kabla ya wakati. Nikaelewa mara moja. "Na wakishafunga ndoa, Baba?" nikauliza. Mama alitoka nje, na tulimsikia akicheka huko jikoni kwa muda mrefu.

Nyanya, mama yake Baba, hakuipenda taa ile siku ya kwanza. Aliikalia mbali na kuitazama kwa pembe ya jicho. "Kila moto una moshi," alisema. "Huu moshi wake mmeuficha wapi?" Baba akajaribu kumweleza, akashindwa. Lakini jirani wa kwanza alipokuja kuishangaa, kisha wa pili, kisha mke wa mzee wa kanisa na watoto wake wote, Nyanya alianza kusema "taa yangu". Kufikia Jumapili alikuwa anaamua nani aingie kuiona na nani angoje mlangoni.

Shangazi Dama alikuwa kitindamimba wa Nyanya, na kwa maoni ya Nyanya alikuwa amekaa nyumbani kupita kiasi. Hakuwa mbaya wa sura wala wa tabia. Shida yake ilikuwa mikono. Haikutulia. Alifungua cherehani ya Mama akaisafisha, akairudisha ikiwa inashona vizuri zaidi. Alifungua saa ya mwalimu wa kanisa, nayo ikarudi ikitembea, ila ilibaki parafujo moja ambayo mpaka leo hakuna ajuaye ilitoka wapi. Nyanya alisema hakuna mwanamume atakayekaa na mke atakayemfungua aone ndani mna nini.

Kisha akaja Bwana Yeremia. Alikuwa mjane mwenye shamba kubwa la minazi, mnene, mwenye koti jeusi ambalo hakulivua hata kwenye joto la Machi. Alikwisha kuzika mke mmoja na kuachwa na mwingine. Nyanya alimpenda kwa ile minazi. Alikuja jioni baada ya magharibi, akapewa kiti chenye mgongo, na taa ikatundikwa juu ya boriti. Waya wake ulishuka ukutani, ukapita chini ya mkeka, ukafika kwenye betri upande wa pili. Shangazi alikaa mkekani amenyoosha miguu, leso imemfunika mpaka vidole, macho chini kama msichana aliyefunzwa. Mimi nilikaa karibu naye.

"Mama mkwe," akaanza Bwana Yeremia.

"Bado hujafika hapo," akasema Nyanya, lakini kwa upole.

"Mama, basi. Mimi ni mtu wa kanisa. Ukiniuliza kuhusu tembo la mnazi, nakwambia mdomo wangu hauligusi."

Taa ikazimika.

Ikawa giza kabisa. Baba aliinuka, akapapasa kuelekea kwenye betri, na kabla hajafika taa ikawaka yenyewe. Bwana Yeremia alikuwa ameshika koti lake kifuani. Wakacheka kidogo, kama wageni wanavyocheka mtoto akikohoa, na mazungumzo yakaendelea. Akasifu minazi yake. Taa ikaendelea kuwaka. Akasifu ng'ombe wake. Ikawaka. Kisha akasema yule mke wa pili aliondoka kwa ukorofi wake mwenyewe, kwamba yeye Yeremia katika maisha yake hajapata kumwinulia mwanamke mkono.

Ikazimika tena.

Safari hii hakuna aliyecheka. Nilisikia Nyanya akivuta pumzi. Iliporudi nuru, nilimwona anamtazama mgeni kwa namna ambayo alikuwa akimtazama muuza samaki wa jana. Shangazi alikuwa vilevile, macho chini. Kilichotikisika ni leso tu, pale kwenye kidole gumba cha mguu wake, taratibu, juu na chini. Nilidhani anaimba moyoni wimbo wa kwaya na kupiga mdundo.

Kesho yake Baba aliivalia taa njuga. Alikwangua vichwa vya betri vilivyoota unga wa kijani, akavimwagia maji ya moto, akavipaka grisi. Akabadilisha globu. Akafungua swichi kwa bisibisi, akapuliza vumbi, akaifunga. Akaitikisa taa mbele, nyuma, kichwa chini. Iliwaka jioni nzima bila kupepesa. "Ni vile vichwa vya betri tu," akamwambia Nyanya. "Uchafu."

"Uchafu upo," Nyanya akasema. "Lakini si kwenye betri."

Mimi nilitaka uhakika wangu. Nilipoachwa peke yangu nilisimama mbele ya taa nikasema, "Mimi ni mvulana." Ikawaka. "Mimi ni mbuzi." Ikawaka vilevile. Nikajua kwamba haijishughulishi na uongo wa watoto, kama vile kasisi alivyokuwa hajishughulishi na kutuamkia.

Bwana Yeremia alirudi wiki iliyofuata, na nadhani alirudi kwa ushujaa, maana habari zilikuwa zimemfikia. Changamwe yote ilikuwa inajua kwamba kuna taa kwa fundi ambayo haivumilii uongo. Akaketi kitini kama mtu aliyeitwa shaurini. Kila alipotaka kusema jambo alitupa jicho juu kwanza.

"Mama," akasema, "tembo la mnazi, nilisema silinywi." Akainua macho. Taa ilikuwa ikiwaka. "Nakunywa. Kidogo."

Taa ikapepesa.

"Si kidogo," akasema haraka, na taa ikatulia.

Baba aliinama akijifanya anafunga kamba ya kiatu, na alikuwa pekupeku. Nyanya hakucheka. Alisogeza kigoda chake mbele. "Na yule mke aliyeondoka?"

Bwana Yeremia alitazama taa, akatazama mlango, akaitazama taa tena. Jasho lilikuwa limefika kwenye kola. "Nilimpiga," akasema kwa sauti ndogo. "Kwa fimbo ya kuchungia." Taa haikutikisika hata kidogo. Iliwaka ikamwangaza uso mzima. Aliaga bila kumaliza chai, na minazi yake hatukuisikia tena, ila nilisikia kwamba alikuwa akipita njia ndefu ya relini ili asipite mbele ya nyumba yetu.

Kwa muda Nyanya alikuwa mtu mkubwa. Wanawake walikuja kumwomba awaruhusu walete waume zao. Alikataa, alisema taa hii si ya kuvunja nyumba za watu.

Shangazi Dama siku hizo alikuwa akiimba akifagia. Nilijua sababu yake baadaye kidogo: alikuwapo Elija, dereva wa lori la mafuta, Mtaita, kijana mrefu asiye na maneno. Lori lake lilikuwa likiharibika mno karibu na gereji ya Baba. Shangazi alikuwa akimpelekea Baba chakula cha mchana, na inaonekana lori lile lilijua saa za chakula. Elija akamwomba Baba ruhusa ya kuja kwa Nyanya, na Baba akakubali, kwa onyo moja: Nyanya hatasikiliza jambo lolote nje ya taa.

Akaja. Alivaa shati jeupe na mabuti mapya ya jeshi, ya miguu yote miwili, nayo yalimbana. Akaamkia, "Shikamoo, Mama," akaketi kwenye kiti kilekile. Jioni hiyo Shangazi hakunyoosha miguu. Aliikunja chini yake, mbali kabisa na pale penye waya, akashikilia ncha za leso kwa mikono miwili.

"Marahaba," akasema Nyanya. "Jina lako nani?"

Elija akainama mbele kwa heshima. "Naitwa Elija, Mama."

Taa ikazimika.

Shangazi alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyagwa. Taa ikarudi. Elija, ambaye hakuwa mtu wa mtaani na hakujua lile onyo lina maana gani, alikaa wima akingoja.

"Wazee wako wako wapi?" Nyanya akauliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Akainama tena. "Wako kwetu Taita. Watakuja nikishapokewa."

Ikazimika tena, na mara hii haikurudi. Mama alileta koroboi, na katika nuru ile ya moshi nikaona Nyanya amekwisha kusimama.

"Hata jina," akasema. "Mtu anadanganya hata jina lake. Yule mwingine angalau alikuwa Yeremia."

"Mama, ni waya," akasema Shangazi.

"Alipokuwa Yeremia haukuwa waya. Taa imesema. Mpeni kijana chakula chake, mimi nimemaliza."

Elija alisimama naye, bila hasira, akishika kofia. Sijasahau alivyomtazama Shangazi, mara moja tu, kisha akatazama chini kwenye mabuti yake. Nami nilianza kulia. Nilikuwa nimempenda kwa sababu aliniletea kipande cha muwa, na sasa ilinibidi nikubali kwamba hata muwa ule huenda ulikuwa wa uongo.

Shangazi akainuka. "Keti, Elija," akasema. Sikuwa nimewahi kusikia mwanamke wa nyumbani kwetu akimwamuru mgeni. "Kaka, niletee bisibisi na kisu. Mama, ngoja. Kama ni taa imesema, itabaki imesema hata nikiifungua."

Nyanya akaketi, nadhani kwa mshangao tu.

Shangazi alitoa globu kizimbani. Akakiweka kitako chake juu ya kichwa kimoja cha betri, akachukua kipande kifupi cha waya, ncha moja kwenye kichwa cha pili cha betri na ncha nyingine kwenye shingo ya globu. Ikawaka mkononi mwake. "Betri ni nzima," akasema. "Globu ni nzima." Akairudisha mahali pake, akavibana vibano na kuvitikisa kimoja kimoja. Giza. Akafungua swichi, akavigusisha vibati vyake viwili vya ndani kwa ncha ya bisibisi. Giza. "Si vibano, si swichi. Kimebaki waya."

Baba alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mwalimu. "Sasa uupapase kuanzia kwenye betri," akasema, "polepole, ukiukunja kila mahali, mpaka upate palipolegea."

Lakini Shangazi hakuupapasa. Alikwenda moja kwa moja katikati ya chumba, akafunua mkeka pale alipozoea kukaa, akauinua waya, na akaingiza kisu.

Alipasua ngozi ya nje. Ndani mlikuwa na nyaya mbili zilizovikwa mpira, mmoja mzima, na wa pili umekatika kabisa. Nyuzi zake za shaba zilikuwa zimekunjwa na kukunjuliwa mpaka zikachanikachanika. Elija alikuwa amepiga goti karibu naye. "Kisigino changu kilikuwa hapa," akasema taratibu. "Kila nikiinama nilikuwa naukanyaga." Akachukua zile ncha mbili zilizokatika, akazibana pamoja kwa vidole, na taa ikawaka. Baba akaenda kutafuta utepe wa kufungia. Mama, ambaye hakupenda mafuta yapotee, akaipuliza koroboi.

Chumba kilikuwa kimeangazwa vizuri. Nyanya alikuwa anaangalia ule mkeka uliofunuliwa. Akaangalia mahali alipokuwa anakaa binti yake. Akaangalia mguu wa binti yake.

"Dama," akasema.

"Abee, Mama."

"Ulijuaje ni hapo?"

Shangazi akapangusa kisu kwenye leso, pande zote mbili. "Nimebahatisha tu, Mama," akasema.

Taa ikazimika.

Hata mimi mtoto nilijua kwamba hili halikuwa jambo la kuzungumzwa haraka. Nje lori lilipita kwenye barabara ya bohari, likapotea. Ndipo Shangazi akasema yote, palepale gizani, kwa sauti ya mtu anayeungama: kwamba mguu wa meza uliuponda waya siku ya kwanza, kwamba aligundua akifagia kuwa ukiukunja taa inazimika na ukiunyoosha inawaka, kwamba alitumia kidole gumba, na kwamba hakujua kama Bwana Yeremia anadanganya, alimchukia tu. "Nilikuwa nazima kwa kukisia, Mama. Wallahi sikujua kuhusu fimbo." Sisi tulikuwa Wakristo, lakini Shangazi alipobanwa alikuwa akiazima kiapo kwa majirani.

Kisha nikasikia kitu ambacho nilidhani ni kikohozi, na kilikuwa Nyanya anacheka. Alicheka kwa tumbo, kwa muda mrefu, akilitaja jina la Bwana Yeremia na koti lake, akisema "si kidogo, si kidogo," mpaka Mama naye akashindwa kujizuia, na Baba akasimama mlangoni na utepe wake akiuliza kuna nini huko gizani.

Nyanya alipopata pumzi aligeukia upande wa Elija. "Na wewe mgeni," akasema. "Vidole vyako viliteleza, au uliachia kusudi?"

Elija angeweza kusema viliteleza. Ilikuwa giza, waya ulikuwa mkononi mwake mwenyewe, na hapakuwa na kitu chumbani cha kumkamata.

"Niliachia kusudi, Mama," akasema.

"Mpakulieni," Nyanya akasema. "Na mumpe paja la kuku."

Wazee wa Taita walikuja baada ya mavuno, na ndoa ikafungwa kanisani pale Changamwe. Mimi sikuwa nimeelewa hata nusu ya mambo niliyoyaona. Katika akili yangu taa ilikuwa imesafishwa jina, haikuwa na kosa, ilikuwa chuma na globu tu. Aliyekuwa na uwezo wa kuutambua uongo ni Elija, kwa vidole vyake. Niliamini hivyo kwa miaka. Kila alipokuja kututembelea na Shangazi, mabinamu zangu walikimbia kumpokea mizigo, nami nilikaa mlangoni kwanza nikijipekua. Kisha nilimwendea, nikampa mkono kwa hofu, na kabla hajauliza lolote nikasema kwa pumzi moja, "Shikamoo, leo sijaoga."

"Marahaba," akajibu siku moja, akikishika kiganja changu kwa uzito uleule, kama mtu anayepokea habari muhimu. Akainama akaninong'oneza, "Nami pia sijaoga. Tumekuwa njiani tangu alfajiri. Usimwambie Nyanya."